Siku Tuliyosema Ni Kweli

Mama Nekesa alinipigia simu mwenyewe, Jumanne. Nilimtambua kabla hajajitaja, kwa namna yake ya kuvuta pumzi kwanza kisha kusema yote kwa mkupuo mmoja. "Baba Nekesa ametuacha. Mwili unaenda Bungoma Ijumaa, lakini Alhamisi tuko na maombi hapa kwa nyumba, Kitengela. Nekesa ndiye amekutafuta kwa mtandao akapata namba. Nimesema wacha nikuambie tu. Ukikuja ni sawa, usipokuja pia ni sawa." Nikampa pole, nikakata simu, nikakaa pale kwenye karakana yangu hapa Arusha, friji ya mteja ikiwa imefumuliwa mbele yangu, nikajiambia siendi. Hatukuagana na Baba Nekesa. Niliondoka Kitengela asubuhi ya Jumapili moja bila kumwambia kwaheri, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilijisifu kwamba nilifanya vizuri. Lakini Alhamisi asubuhi nilikuwa Namanga nagongewa muhuri, na binti wa uhamiaji upande wa Kenya hakuniuliza lolote zaidi ya ninakokwenda. Mimi kila nikisimama mbele ya dirisha lile mdomo hunikauka. Umri huu wote, na bado.

Kitengela ya sasa ina maghorofa na benki na foleni. Niliyoijua mimi ilikuwa barabara moja na vumbi lake, na nyuma ya nyumba za mwisho mbuga ilianza hapo hapo bila kuomba ruhusa. Nilipanga chumba kwenye ploti ya Mama Njeri, mama mmoja Mkikuyu mfanyabiashara, mwenye duka getini na macho yaliyoona nani amerudi na nini kwenye mfuko. Vyumba vilitazamana, bomba likiwa katikati, na kamba za nguo zilipita juu ya kila kitu. Kuta zilikuwa za mawe ya machimbo ya pale pale, nene na nzuri, lakini fundi aliishia chini ya bati akaacha uwazi, hivyo redio ya jirani, kitunguu chake na ugomvi wake vyote vilikuwa vyako pia. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, meza niliyoichonga kwa kreti za maua, na dirisha lililotazama ukuta. Mtu akiniuliza leo upweke una harufu gani, nitamwambia ni mafuta ya taa na maharage yanayotokota kwa ajili ya mtu mmoja.

Nilikuwa fundi wa vyumba vya baridi. Kazi niliijifunza Mwanza kwenye viwanda vya minofu, na minofu ilipokosa soko tukapunguzwa, mtu mmoja aliyenifahamu huko akanipeleka kwenye shamba la maua nje ya Kitengela lililokuwa linatafuta mtu wa kusimamia mitambo. Wakaniombea kibali cha kazi cha miaka miwili. Kutwa nzima nilikuwa ndani ya koti zito na kofia ya sufu, katikati ya ndoo za waridi, wakati nje watu wanafuta jasho. Wasichana wa kupanga maua waliingia mbio, wakaweka ndoo, wakatoka mbio, wakicheka kwamba Bongo amejificha kwenye friji. Bongo ndilo lililokuwa jina langu. Hakuna aliyenichukia, nataka niliseme hilo waziwazi, kwa sababu watu husikia habari za mgeni wakadhani alionewa. Walinipenda vizuri tu, kwa mbali. Askari wa getini, kijana wa Kimaasai, alikuwa akinisalimia "Sopa!" na mimi namjibu "Epa!" kwa sauti kubwa, kisha kila mmoja anaendelea na zake, na kuna siku hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote. Hata Kiswahili changu kilinitenga. Nikisema "Mama Njeri, naomba chumvi," alikuwa akijishika kiuno. "Wewe unaomba ni kama uko kanisa! Sema nipatie chumvi, nikupatie, uende."

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Baba Nekesa. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali Nairobi, mtu mwembamba wa suti moja ya kahawia, aliyeondoka kabla jua halijatoka na kurudi limezama, kama nusu ya wapangaji wa Kitengela. Jumapili alikuwa mzee wa kupanga watu kwenye viti kanisani. Mimi na yeye tulisalimiana bombani tu, lakini kwa miezi niliijua nyumba yake yote kwa masikio. Nilijua sala yao ya chakula, nikawa nasema "amina" kimoyomoyo na kijiko changu mkononi. Nilijua Nekesa ana shida na hesabu za kugawanya. Nilijua Mama Nekesa akipika mrenda, kwa sababu watoto walinung'unika, na akipika omena, yaani dagaa, kwa sababu walinyamaza. Aibu ilikuwa ikinishika nikijikuta nimesogeza kiti karibu na ukuta. Nilikuwa mtu mzima, mwenye ujuzi na kibali, nimekaa gizani nasikiliza familia ya mtu ikila.

Ndipo Jumapili moja mchana akanibishia mlango. "Bongo, leo hutakaa ndani kama mgonjwa. Twende tukule nyama." Sikungoja aseme mara ya pili. Tulikwenda kwenye bucha moja njia ya machimboni, yenye mabenchi nyuma na jiko la kuchomea. Tulikula mbavu za mbuzi na ugali uliokatwa kwa kisu, na kachumbari yenye pilipili iliyonitoa machozi. Mimi nilikunywa soda ya tangawizi, maana pombe sijawahi kuinywa, si kwa utakatifu, tumbo langu tu halikubaliani nayo. Baba Nekesa alikuwa na chupa moja ya bia, na aliiweka chini ya benchi kati ya viatu vyake asije akapita mtu wa kanisani. Nilimcheka, naye akacheka. Aliniuliza habari za kwetu, akaniuliza minofu inakatwaje, akasikiliza majibu. Kisha lori la askari likasimama, wakazunguka pande zote mbili, na sote tukaambiwa tupande: wenye bia, wenye soda, na mzee mmoja aliyekuja kununua matumbo tu akapanda nayo kwenye karatasi.

Seli niliiogopa mpaka nilipoingia. Tulikuwa kumi na zaidi, tumekaa kwa kugusana magoti, na baada ya muda hofu ikaisha kwa sababu wenzangu hawakuwa nayo. Alikuwepo mkata mawe mmoja, Mutua, mwenye viganja vilivyopasuka, na yeye ndiye aliyetufundisha. "Kesho ni rahisi. Unaitwa jina, unasomewa ulikuwa mlevi ukasumbua watu, unasema ni kweli. Unalipa faini, lunch unakula kwako. Usianze kusema si kweli. Ukisema si kweli unapewa tarehe, na kama huna mtu wa kukutolea bond unaenda rumande. Hata askari amesema, mwenye anajifanya mjuaji atangoja wiki mbili."

"Na kama hukunywa?" nikauliza.

Walicheka wote, bila ubaya. "Bongo," Mutua akasema, "hapa hakuna mwenye alikunywa."

Mtu akaleta mkate kupitia kwa askari, ukakatwa kwa mikono, nami nikapewa kipande sawa na cha wengine. Mzee wa matumbo alisimulia jinsi mke wake hatamwamini. Baba Nekesa alikuwa na wasiwasi wa ofisi. "Nitasema niliumwa na tumbo," alirudia mara nyingi, "tumbo inaeleweka." Asubuhi tulipopakiwa kwenda Kajiado, Mutua alinishika bega nisianguke. Niliitwa "mtu wetu" mara kadhaa njiani. Nimezeeka sasa na naweza kusema bila haya: tangu nivuke Namanga sikuwa nimejisikia vizuri namna ile. Nilikuwa mtuhumiwa, sijaoga, na nilikuwa na furaha.

Mahakamani tulikalishwa kwenye benchi moja refu. Karani alisoma haraka haraka, jina baada ya jina, na majibu yakawa yanakuja na mwendo wake kabisa. Ni kweli. Ni kweli. Mzee wa matumbo akasema ni kweli. Baba Nekesa alisimama na suti yake iliyokunjamana akasema ni kweli, akiangalia chini. Nilikuwa nimejiandaa kusema si kweli. Naapa, maneno yalikuwa mdomoni. Lakini niliposimama niliona sura za wenzangu zimenigeukia, na zote zilikuwa zinasema jambo moja: usituharibie, Bongo, twende nyumbani. Nikawaza mimi nitapelekwa rumande peke yangu na wao watapanda gari pamoja wakicheka. Nikasema, "Ni kweli, mheshimiwa." Tukalipa. Tukapakwa wino vidole, mmoja mmoja, nikafutia vyangu kwenye gazeti. Jioni ile Mama Nekesa alipika kuku kwa wali, akaniita chumbani kwao kwa mara ya kwanza, na mumewe akaigiza sauti yangu: "Ni kweli, mheshimiwa!" Watoto waliigiza wiki nzima. Na mimi nilicheka kuliko wote.

Kibali changu kilikuwa kinakaribia mwisho mvua za vuli zilipoanza. Shamba lilitaka nibaki, likatuma maombi ya kukiongeza, nami nikatakiwa kupeleka cheti cha tabia njema kutoka polisi, kinachotolewa baada ya kupimwa alama za vidole. Nilikwenda nikipiga mluzi. Niliporudi kukichukua, cheti hakikuwa safi. Afisa wa uhamiaji aliyenihoji hakuwa mkali hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzuri aliyefeli. "Uliingia nchi yetu kwa kibali. Mwenye kibali akipatikana na hatia, hata ndogo, maombi yake yanaangaliwa upya. Ulikuwa mlevi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Sasa kwa nini ulisema ni kweli?"

Nilipewa pasi ya muda mfupi wakati faili likizunguka, lakini pasi ile haikuruhusu kazi. Meneja wa wafanyakazi shambani alinieleza kwa upole kwamba akinionea huruma akanifungulia geti, shamba litashitakiwa, kwa hiyo nirudishe koti. Nililirudisha. Askari wangu wa getini alisema "Sopa," na mimi nikapita bila kujibu.

Watu wanaoishi kwenye ploti za namna ile hawajui mchana wake. Asubuhi milango inafungwa moja baada ya moja, kufuli zinalia, viatu vinapita, na saa mbili ploti imekuwa ya kina mama wachache, watoto wadogo na bomba linalodondoka. Mwanaume aliyebaki pale mchana huonekana ama mgonjwa ama mwizi. Kina mama walinionea haya, wakawa wanasogeza beseni zao mbali nikitoka. Nilijifunza kutoka kabla yao na kujifungia. Nilijifunza mwanga unavyotembea kwenye ukuta wangu kupitia uwazi wa juu, kutoka upande wa Mama Nekesa hadi upande wa pili. Mtoto wa mwisho wa Mama Nekesa alikuwa akiingiza vidole chini ya mlango wangu na kuita "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" mpaka mama yake amwondoe. Jioni watu waliporudi niliwaambia habari zangu, na kila mmoja alinishangaa. "Si ulilipa?" wakasema. "Imeisha hiyo. Mimi nimelipa hiyo faini mara nne." Walikuwa hawadanganyi. Kwao ilikuwa imeisha. Tulisema maneno yale yale, benchi lile lile, asubuhi ile ile, na yalinifuata nyumbani mimi peke yangu. Ningewaelezaje? Mwenye nchi yake hana haja ya kujua mlango wa nchi uko wapi.

Mama Njeri ndiye pekee aliyekasirika pamoja nami, kwa mtindo wake. "Wewe ni mjinga sana," aliniambia huku akinipimia unga. "Hukunywa, halafu unakubali ulikunywa. Mimi wakinishika nitapiga kelele mpaka hakimu atoke nje." Lakini alinielekeza kwa wakili mmoja Kajiado, dada kijana mwenye ofisi ndogo juu ya duka la dawa za mifugo, ambako harufu ya dawa ilipanda na ngazi. Dada yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lile lile. Safari hii nilijaribu kujibu. Nilimwambia sikutaka kubaki peke yangu. Aliacha kuandika. "Hiyo siwezi kuandika kwa rufaa," alisema, "lakini naelewa." Akanieleza kwamba mtu aliyekubali kosa hana njia pana ya kukata rufaa. Njia iliyobaki ilikuwa kuonyesha kwamba kukubali kwangu hakukuwa kwa hiari: kwamba tulitishwa rumande, na kwamba sikunywa. Kwa hilo alihitaji mtu mmoja. "Mmoja tu mwenye mlikuwa pamoja, aape. Ukipata mmoja kabla pasi yako iishe Jumatatu ya mwisho wa mwezi, naweza kuenda kwa watu wa uhamiaji niombe wakungoje. Usipopata, nakushauri utoke mwenyewe kabla hujafukuzwa. Ukitoka mwenyewe, siku moja unaweza kurudi."

Nikaanza kuwatafuta. Mutua nilimpata machimboni, mweupe wa vumbi mpaka kope. Alinikumbatia kwanza. Kisha nilipomweleza, akashusha nyundo. "Bongo, niape aje? Nikisema tulidanganya hakimu, si wananirudisha ndani? Mimi nilikuwa nimekunywa kweli, lakini si hiyo siku." Alitaka kunipa nauli badala yake, na nikakataa. Mzee wa matumbo alikuwa amehamia Loitokitok kwa mwanawe anayelima nyanya, hakuna aliyejua wapi hasa. Wengine niliwajua kwa sura tu, na sura zile nilipokutana nazo barabarani ziligeukia madukani. Akabaki Baba Nekesa. Nilimwacha wa mwisho kwa makusudi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amekaa mbele yangu na kuiona chupa yangu ya soda, na kwa sababu kama angekataa, ningekuwa nimepoteza zaidi ya kibali. Nikaamua nitamwomba Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa na Jumatatu moja tu iliyobaki.

Jumamosi jioni nilikuwa nimekaa na sahani yangu nikasikia jina langu ukutani. Mama Nekesa alikuwa anasonga ugali, mwiko unagonga sufuria.

"Wewe ulikuwa hapo. Uliona akikunywa soda. Na wewe ndiye ulimtoa kwa nyumba yake. Si uende umsemee?"

Kisha sauti ya mumewe, chini, lakini kuta zile hazikujua siri. "Nikiapa hiyo kitu inaenda kwa faili. Ofisi wakijua nilipelekwa korti na nikawaambia ni tumbo, kazi imeisha. Niko na watoto watatu, mama. Huyu Bongo akifukuzwa, si ako na kwao? Atarudi kwao."

Sikungoja zaidi. Niliweka sahani chini, nikatoka, nikaenda kukaa kwenye kreti mbele ya duka la Mama Njeri na kumsikiliza akigombana na wateja hadi alipofunga. Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo tena. Ako na kwao! Ndiyo, nilikuwa na kwetu. Kila mgeni ana kwao, ndiyo maana ni mgeni. Lakini kwetu hakukuwa na kazi, na nilikuwa nimefika mahali pa kujua mtoto wa jirani ameshindwa hesabu gani. Na kibaya zaidi, sikuweza kumlaumu. Watoto wake niliwapenda. Ningekuwa yeye, huenda ningesema vile vile, kwa sauti ile ile ya chini.

Asubuhi yake ploti yote ilikwenda kanisani, viatu vimepakwa rangi, Nekesa na utepe kichwani. Nilisubiri geti lifungwe. Nikafungasha, vitu havikujaza hata begi moja, jiko nikaliacha. Mama Njeri alipokea ufunguo akauliza, "Umeaga jirani?" Nikamwambia nimewaaga. Mchana ule nilivuka Namanga kwa miguu yangu, pasi ikiwa bado ina uhai, na upande wa pili nikakaa kwenye jiwe nikala ndizi ya kuchoma, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua nilipo. Tangu hapo kila fomu ya nchi yoyote iliyoniuliza kama nimewahi kupatikana na hatia, nimejibu ndiyo. Mara mbili nimenyimwa kazi nzuri kwa ajili ya hiyo ndiyo. Nimeshazoea.

Basi Alhamisi ile nikaingia kwenye uwanja wa nyumba ya Baba Nekesa, nyumba yake mwenyewe sasa, ya mawe, kuta zimefika juu. Hema lilikuwa limefungwa, viti vya kukodi, kina mama wanamenya viazi, kwaya inaimba. Picha yake ilikuwa mezani: amenenepa kidogo, mvi, suti nyingine ya kahawia. Nilikaa nyuma kabisa. Wazee wa kanisa walimsifu kwa uaminifu wake, na mmoja, mzee mwenye fimbo na viganja vilivyopasuka, nilimtambua. Ni Mutua. Tulipopeana mikono alinikazia macho, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Karibu sana, mgeni." Hakunikumbuka hata kidogo.

Maombi yalipokwisha Mama Nekesa aliniita jikoni. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka, leso nyeusi kichwani. Akanipakulia mwenyewe, akanikalisha kwenye stuli, akakaa mbele yangu asile. "Sasa niambie," alisema. "Ile siku mbona ulienda hivyo?"

Ningeweza kusema uongo, lakini nimeshachoka na uongo wa kurahisisha mambo. Nikamwambia: niliwasikia. Jumamosi, wakati wa ugali. Nikamrudishia maneno ya mumewe neno kwa neno, maana niliyahifadhi vizuri. Akanisikiliza huku anatikisa kichwa polepole, nikadhani anakana.

"Alisema," akajibu. "Alisema hivyo kabisa. Tukakula. Hakulala. Asubuhi tukiwa kanisa, hata mahubiri haijaisha, akaniinamia akasema, mama, kesho nitaenda na yeye Kajiado, wakinifuta wanifute. Tukatoka mapema. Akashika kuku akachinja mwenyewe, na hajawahi chinja kuku maisha yake, watoto walimcheka. Tukakubishia mlango. Tukabisha, tukabisha, hadi Mama Njeri akatoka kwa duka akasema huyu alirudisha ufunguo."

Nikaweka kijiko sahanini.

"Jumatatu akavaa suti akaenda peke yake. Akaapa. Huyo dada wakili akamwambia mwenyewe ameshatoka, hii haitasaidia mtu. Akasema, weka tu kwa faili. Halafu akaenda ofisi akamwambia mkubwa wake ukweli yote, ile ya tumbo na ile ya korti."

"Wakamfanya nini?"

"Hakuna kitu. Mkubwa alicheka. Alimwambia, hata mimi nilishasema ni kweli."

Nje kina mama walikuwa wanahesabiana nani anapanda gari lipi la kwenda Bungoma. Nililia pale kwenye stuli, sahani mapajani, kwa sauti, kama ambavyo sikulia siku yoyote ya mwaka ule nilipoondoka. Mama Nekesa alinichukulia sahani, akaniletea maji ya kunawa, akangoja. Nilipoweza kusema nilimwuliza kama kwenye gari kunaweza kupatikana pa kukaa.

"Nafasi yako iko," alisema. "Uko na familia, gari ya mbele. Nekesa aliandika jina yako Jumatatu."